Aliyefuta Folda la Baba Yako

Mwanangu Tusekile,

Nimefunga duka saa tisa alasiri, wateja wawili wakiwa bado wanagonga dirisha, ili niandike. Wewe umekwenda kwa shangazi yako kuaga. Kesho basi linakuondoa Tunduma, na bahasha hii nitaitia katikati ya vyeti vyako, mahali ambapo najua hutapafungua mpaka chuoni watakapokuuliza hivyo vyeti. Nimechagua hivyo kwa woga. Sitaki uisome huku unanitazama.

Ya shuka, ya dawa, ya joto la Dodoma, hayo shangazi yako atakuwa ameyamaliza na mengine ameyarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka minne.

Tangu ukiwa darasa la pili nimekuambia kwamba huijui sauti ya baba yako kwa sababu mama mdogo Eliza aliifuta kwa roho mbaya. Nilikuambia nikikusuka nywele. Nilikuambia tukitoka kanisani. Ukaamini, kwa sababu ni mimi niliyesema. Sasa nakuambia vingine, na safari hii ndiyo kweli.

Baba yako Ambwene alipotoka Ileje kuja kufungua hii steshenari, alikuja na kamera moja ya video na kompyuta moja. Eliza alitokea Nanyala kujifunza kazi kwake. Alikuwa msichana mdogo, mwepesi kushika mambo kuliko mimi. Baba yako alipoanza kuugua figo, Eliza ndiye aliyeshika duka. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, na mgongo uliokubeba mwaka ule ulikuwa wake, kwa sababu mimi nilikuwa hospitali Mbeya.

Baba yako alikuwa na mazoea ya kurekodi. Kuna video alikuketisha juu ya kaunta anakufundisha majina ya vitu kwa Kindali, wewe unayakosea, yeye anacheka mpaka anashika tumbo. Kuna nyingine anakuimbia unalala. Na kuna ya mwisho, ya hospitali. Siku hiyo aliniomba nitoke nje ya wodi. Alisema anataka kuzungumza na Tusekile mkubwa, yule atakayekuwepo baadaye, na mimi nikiwepo atashindwa kwa sababu nitalia. Nikatoka. Alipofariki nikaziweka zote kwenye folda moja, nikaliandika AMBWENE, na kanda zake tukazirekodia kazi nyingine. Ile ya hospitali nilijaribu kuiangalia mara nyingi, sikuwahi kupita dakika ya kwanza. Nilijiambia nitaimalizia pamoja nawe ukikua.

Hizo nyingine niliziangalia kila siku, dukani, wateja wamesimama. Ijumaa moja dereva wa lori alingoja kopi mpaka akachoka, akaondoka anatukana. Eliza akanigeukia.

"Dada, samahani nikisema. Mimi ningekuwa wewe ningezifuta hizi video. Zinakumaliza."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jumatatu yake nilikwenda benki, nikamwacha peke yake na kompyuta. Niliporudi nikakaa, nikafungua, folda halipo. Nikatafuta kwenye pipa la taka la kompyuta, humo nako hamna. Nikamwuliza ameshika nini. Akasema alikuwa na mteja kutoka Zambia, amemfutia faili moja bovu kwenye flashi yake, basi. Alipoona uso wangu akaja mwenyewe kutafuta.

"Dada, tuzime hii mashine sasa hivi. Tusiiguse tena. Twende kwa fundi Mbeya leo leo, vitu vikifutwa huwa vinaweza kurudishwa."

Nikamwambia, "Unataka kuizima ili ufiche ulichofanya."

Nikamfukuza. Na kompyuta sikuizima. Niliendelea kuifanyia kazi siku tisa, kwa kiburi, nikimimina humo harusi mbili na kipaimara kimoja, huku kichwani nikipanga nitamfanyia nini. Siku ya kumi ndipo nikaipeleka Mbeya. Fundi aliihangaikia kutwa nzima. Jioni akaniuliza tulifuta lini na tumerekodi nini baada ya hapo. Nilipomweleza akashusha pumzi. "Mama, ungekuja siku ile ile ningekurudishia. Hapa pameshaandikwa juu yake."

Unaona jambo hilo nimelisema haraka. Lirudie kulisoma. Video za baba yako zilikuwa bado zimo ndani ya ile mashine wakati Eliza ananisihi. Nilizifukia mimi, kwa zile siku tisa za hasira. Hili sikulisema kwa mtu yeyote, hata kwa shangazi yako. Nilitoka kwa fundi nikiwa nimembebesha Eliza hesabu yote.

Nikangoja. Ukiwa na chuki ya kweli unakuwa mvumilivu sana, Tusekile, nilijishangaa mwenyewe. Nilianza kumsalimia tena kanisani. Nikamwambia yamekwisha. Miezi saba baadaye akaja dukani na kitenge kipya, haya zimemjaa, anaolewa kwao Nanyala.

"Dada, najua bado unaumia. Lakini siwezi kumwita mtu mwingine anipige video. Wewe ndiye ndugu yangu."

Nikamwambia nitakuja, na sitaki malipo.

Mama yake Eliza alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, walimtoa ndani wakamweka kwenye kiti mbele ya watu. Akaushika uso wa binti yake kwa mikono miwili akazungumza Kinyiha muda mrefu, taratibu, hata wapishi walitoka jikoni kusikiliza. Nilisogeza kamera karibu yao. Nilivaa vile vya masikioni nikahakikisha sauti inaingia safi, hakuna upepo. Nilifanya kazi nzuri siku ile kuliko harusi yoyote niliyowahi kupiga, kwa sababu nilitaka kitakachopotea kiwe kizuri.

Wiki iliyofuata Eliza alikuja kuchukua video yake. Nilimpa kiti, nikamwekea mbele ya kioo cha kompyuta, nikafungua ile sehemu ambayo yule mama anazungumza. Akatazama, akatabasamu, machozi yakimtoka. Nikaifunga. Nikarudi kwenye orodha, nikachagua folda lililoandikwa ELIZA, nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikamgeukia nimwone vizuri, ndipo nikajibu ndiyo. Kanda yenyewe nilikuwa nimesharekodia sendofu ya watu wengine juu yake.

"Sasa na wewe umejua," nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na ya mama?"

"Mama yako yupo hai. Nenda kamtazame."

Yule mama alifariki kabla mahindi hayajakauka shambani. Nilipopata habari nilikuwa nakula, nikaendelea kula. Nakuandikia hivyo kwa sababu niliahidi kutokupunguza. Ilikuwa tamu. Watu watakuambia kisasi hakina raha, na mimi nilikipata chenye raha kamili, ilinikaa mwilini kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Haikunitosha tu. Nikaenda mbele, nikamharibia jina. Nikawaambia wanawake wa kwaya kwamba Eliza aliiba picha za marehemu. Nikawaambia wenye steshenari kuanzia hapa mpaka Vwawa wasimpe kazi. Hawakumpa.

Na wewe nikakuingiza. Labda unakumbuka, labda hukumbuki. Ulikuwa na miaka kumi, tulikuwa sokoni Mlowo, Eliza akakuona kwa mbali akaja mbio. Akakuita "mwanangu Tuse" akakupa parachichi mbili kubwa, za kwenye kapu lake mwenyewe. Ulinitazama kwanza. Kisha ukaziachia chini moja baada ya nyingine, ukazikanyaga. Eliza aliinama akaziokota zilivyo. Tulipofika stendi nilikununulia soda. Nilikununulia soda, mwanangu, kwa kazi ile.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojua.

Ulikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja akaja dereva wa Zambia, mtu mzima, akanisalimu "Mulishani, bamayo", akanipa flashi yake nimtolee kopi ya karatasi za mzigo. Flashi imejaa takataka, akaniomba nifute faili moja linaloisumbua. Ile programu ya kupangia mafaili tuliyokuwa tukiitumia ilikuwa ile ile ya siku za baba yako. Inagawa kioo sehemu mbili, kushoto mambo ya kompyuta, kulia mambo ya flashi. Nikachagua faili lake upande wa kulia. Ile flashi ilikuwa imelegea, ikakatika kidogo na kurudi. Kioo kikapepesa, kama mtu anavyofumba jicho. Kidole changu kilikuwa kimeshashuka. Ikaniuliza, una uhakika unataka kufuta kitu hiki? Nikajibu ndiyo.

Faili la dereva likabaki pale pale. Upande wa kushoto likatoweka folda la kwanza kwenye orodha, la picha za mahafali ya chekechea, ambazo kwa bahati nilikuwa nimeshawapa wenyewe.

Nilibaki nimekaa. Yule dereva akaniuliza kama naumwa. Nikampa kopi zake, nikafunga mlango, nikatengeneza mafolda matupu, nikayapa majina. Nikachomeka flashi, nikachagua faili la kulia, nikaitikisa flashi, nikabonyeza. Nilirudia mara tano. Mara nne programu iliruka yenyewe upande wa kushoto, juu kabisa, ikafuta folda la kwanza, na swali lake halikutaja jina la kitu inachokifuta. Nilipojaribu na folda kubwa halikupita hata kwenye pipa la taka. Lilikwenda moja kwa moja.

Folda la kwanza kwenye orodha ni lile linaloanza na herufi A. Baba yako aliitwa Ambwene.

Mwalimu mmoja wa sekondari alinisaidia kuandika Kiingereza, tukawapelekea wenye programu. Niliwaeleza kila kitu, hata baba yako nilimtaja. Baada ya wiki mbili wakajibu mistari mitatu. Wakasema tatizo hilo linajulikana, liliripotiwa zamani, litashughulikiwa nafasi ikipatikana, na wananishauri niwe nahifadhi nakala. Linajulikana! Nilimwomba mwalimu anisomee tena neno hilo nikidhani amekosea. Watu walijua, wakakaa nalo, wakanywa chai yao. Nilitafuta sura ya mtu wa kumchukia nikakosa, barua haikuwa na jina la mtu. Basi niliwaombea mabaya wote kwa pamoja. Niliomba wafungue mashine zao siku moja wakute sauti za baba zao hazipo, na wao waandikiwe mistari mitatu. Siku nyingine bado naomba hivyo. Sijawasamehe, na sina mpango.

Unakwenda kusoma kutengeneza vitu hivi hivi. Siku utakapoandika lile swali, mashine itaje jina la kinachofutwa. Iseme AMBWENE, kwa herufi kubwa. Eliza angeliona jina lile angeondoa mkono kama ameshika moto. Na ukisikia mwenzako kazini anasema kosa fulani ni dogo, muulize ni dogo kwa nani.

Ungetegemea kwamba siku ile ile niliyoijua kweli nilikwenda Nanyala. Sikwenda. Nilikaa miaka mitatu. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa imejenga nyumba, nikaona nikiitoa nitakaa wapi? Nikawa najiambia Eliza naye alikuwa mzembe, Eliza alisema maneno yale Ijumaa, Eliza hivi, Eliza vile. Mwaka jana, ulipokuwa kambi ya masomo, ndipo nikapanda gari nikashuka Nanyala.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anajaza udongo kwenye viriba vya miche ya kahawa. Amekonda. Alinitazama, hakuniamkia, na mimi mkubwa wake. Akaendelea kujaza.

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja kusema hukufuta kwa makusudi. Ni programu. Nimejaribu mwenyewe, nimeona."

"Nilikuambia siku ile."

"Uliniambia."

"Nilikuambia tuzime mashine twende Mbeya."

"Uliniambia, mdogo wangu."

"Na ungezima, zingerudi?"

Nilitamani kudanganya. "Zingerudi."

Mkono wake ukasimama kidogo ndani ya udongo, kisha ukaendelea. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope, nikamwomba anisamehe. Aliniacha hivyo muda mrefu, mpaka akamaliza mstari mzima wa viriba.

"Mimi ilinikosesha mashine," akasema. "Wewe nani alikukosesha? Wewe uliulizwa kama una uhakika. Ulinigeukia ukanitazama, ndipo ukajibu ndiyo."

Akaanza mstari mwingine.

"Sikusamehe. Labda mbele ya safari, sijui, usiningojee. Ila nina kitu nataka kwako. Yule mtoto nilimbeba huu mgongo. Alikanyaga parachichi zangu mbele ya watu. Mwambie yote. Mwambie siku tisa, mwambie mama yangu, mwambie ulivyosogeza kamera karibu. Usipunguze. Nataka akutazame siku moja kama ninavyokutazama mimi sasa hivi."

Nikamwambia nitafanya. Nikainuka nikapangusa magoti. Akaniita nikiwa nimeshafika kona ya nyumba.

"Dada. Siku ile wodini nani alikuwa ameshika kamera?"

Tusekile, nakuapia nilikuwa sijawahi kuliwaza. Baba yako alikuwa hawezi kunyanyua hata kikombe. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi na kulia, na mlango ulipofunguliwa aliyetoka na kamera mkononi alikuwa Eliza, aliyekuja siku hiyo kutoka dukani. Kwa miaka yote ile nilikuwa namlaani kwa kufuta maneno ya Ambwene, na maneno yenyewe alikuwa nayo yeye kichwani, mzima mzima.

"Nilisikia kila alichosema," akaniambia. "Nimekuwa nikijikumbusha nisisahau, kwa ajili ya mtoto. Mara mbili tatu nilitaka kumletea. Ulikuwa umeshamfundisha kunikanyaga. Akija mwenyewe nitamwambia. Wewe sitakuambia, na yeye nitamwomba asikuambie. Hiyo ndiyo yangu."

Kisha akachukua kiriba kingine.

Nilirudi Tunduma nikiwa na hasira kwa hilo pia, nisikudanganye. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumnyang'anya. Nilifikiria nikutume umwulize halafu nikubembeleze unieleze. Nilifikiria kusema ni mwongo, hakuna alichosikia. Ndiyo maana mwaka mzima umepita na hii barua haijaandikwa. Ninajua kulipa kisasi, sikuwahi kujifunza kulipwa.

Leo nimeshindwa kukuangalia ukifunga begi. Nimeona nikikuacha uondoke bila hili, nitakuwa nimebonyeza tena.

Namba ya Eliza nimeiandika kwenye kikaratasi, kipo ndani ya bahasha hii. Mpigie ukiwa umetulia, jioni huwa ametoka shambani. Mwamkie kwanza, umwite mama. Omba msamaha wa parachichi, huo ni wako, mimi siwezi kukuombea. Kisha mwache aseme. Ataanza na habari zangu, na yapo niliyoyasahau au niliyojifanya nimeyasahau. Mwamini, usinitetee.

Baadaye atakuambia alichosema baba yako. Kisikilize mpaka mwisho. Likizo utakaporudi nitakuuliza habari za chuo na za afya yako. Hilo lingine sitakuuliza, na hata ukiniona nalitamani usoni, usiniambie.

Mama yako.